Programu ipi ya kamera ya darubini kwa aliyeko Mwanza: SharpCap, FireCapture, N.I.N.A. au kisanduku cha ASIAIR?

Simama Igombe, kando ya ziwa hapa Mwanza, geukia kusini, nyoosha mkono na ulaze vidole viwili juu ya mstari ambapo mbingu inakutana na ardhi. Hapo ndipo ilipo ncha ya kusini ya anga, ile nukta ambayo nyota za kusini huonekana kuizunguka: nyuzi 2.5 tu kutoka chini. Miembe, mapaa ya mabati na moshi wa jiko la jirani vinaimeza yote. Ya kaskazini ndiyo usiulize. Ile Nyota ya Kaskazini ambayo wenzetu wa Ulaya huitegemea kila usiku, kwetu haichomozi kabisa, imezama upande wa ziwa.

Naanza na hilo kwa sababu karibu kila ulinganisho wa programu hizi umeandikwa na mtu anayeiona ncha yake kutoka uani. Kipengele anachokisifu kurasa tatu, hapa Mwanza kinaweza kuwa pambo. Kingine anachokitaja kwa sentensi moja, huku ndicho kitakachokuokoa. Basi nitazipima programu nne kwa anga letu, si kwa anga la London.

Vifaa vyangu si vya kujivunia: darubini ya kioo ya milimita 130, stendi yenye mota inayokwenda juu-chini na kushoto-kulia, kamera ndogo ya rangi, na laptop iliyokwisha kuona mengi. Nikisema kitu ni kizito au chepesi, ujue nakipimia humo.

Kazi ni mbili, usizichanganye

Kupiga sayari ni kama kuchota dagaa kwa chandarua: unachukua maelfu ya fremu ndani ya dakika mbili, kisha unachambua na kubakiza zile chache zilizonaswa hewa ilipotulia. Kupiga nebula, yaani mawingu ya gesi ya huko angani, na galaksi ni kazi nyingine. Pale unaacha kamera ikusanye mwanga kwa sekunde kumi, thelathini, hata dakika kadhaa kwa kila picha, kisha unazirundika picha hizo ili kelele, yaani zile chembechembe zinazochafua picha, ipungue na kitu kijitokeze.

FireCapture imetengenezwa kwa kazi ya kwanza. N.I.N.A. imetengenezwa kwa ya pili. ASIAIR nayo iko zaidi upande huo wa pili. SharpCap imeweka mguu huku na huku, na ndiyo maana watu wengi huanzia kwake. Ukishajua wewe ni wa upande gani, nusu ya uchaguzi imekwisha.

Sayari: FireCapture dhidi ya SharpCap

FireCapture, kazi ya Mjerumani Torsten Edelmann, ni ya bure, na inakubali Windows, Mac, Linux na hata Raspberry Pi. Sura yake imejaa vitufe kama dashibodi ya daladala ya zamani, lakini kila kitufe kina sababu. Unaiambia unapiga Mshtarii, nayo inakumbuka mipangilio uliyotumia mara ya mwisho kwa Mshtarii. Ukimaliza kurekodi, jina la faili linabeba sayari na saa, na pembeni yake kuna faili dogo la maandishi linaloeleza gaini (kiasi kamera ilivyokuza mwanga), muda wa kila fremu, idadi ya fremu, hata upana wa sayari usiku ule. Utaona ni upuuzi mpaka siku utakapokuwa na mafaili arobaini na hujui lipi ni lipi.

SharpCap, ya Mwingereza Robin Glover, inafanya kazi hiyohiyo kwa sura tulivu zaidi. Ni ya Windows peke yake. Sehemu kubwa ni ya bure, na baadhi ya vipengele vinafunguka ukilipa ada ya mwaka. Matoleo yake ya 4 yameleta kitu kinachopima mtikisiko wa hewa, ili kamera ibakize fremu hewa inapotulia na kuziacha zinazotetereka. Kwa mtu aliye kando ya ziwa, ambapo jioni mawe na lami vinatema joto la mchana na upepo unabadili upande, hilo si jambo dogo. Mimi nasubiri mpaka saa 4 usiku hivi mawe yapoe, ndipo nianze sayari.

Sasa sikiliza suala la waya, maana hapa ndipo watu hulaumu programu bure. Fremu ya pikseli 640 kwa 480, ya biti 8, ina uzito wa takribani megabaiti 0.3. Ukipiga fremu 100 kwa sekunde, ni megabaiti 31 kila sekunde. Dakika mbili ni gigabaiti 3.7. Waya wa USB 2.0 kwa hali halisi hupitisha megabaiti 40 hivi kwa sekunde, kwa hiyo unapita salama. Ukihamia biti 16, mzigo unakuwa mara mbili na waya hautoshi; fremu zinaanza kudondoka. Hakuna programu itakayotibu hilo. Kata eneo la picha libaki sayari na nafasi kidogo pembeni, kaa kwenye biti 8, na kama unanunua laptop, hakikisha ina tundu la USB 3.0 na diski ya SSD.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote, na hapa kwetu giza kamili lilianza saa 2:30 usiku likaisha saa 3:52. Nilikuwa tayari mapema mno. Nilianza kurekodi video ya fremu nzima wakati kivuli ndiyo kwanza kinauma ukingo, megabaiti 37 kila sekunde, huku diski ina gigabaiti 20 zilizobaki. Piga hesabu: dakika 9. Mwezi ulipogeuka rangi ya udongo mwekundu, diski ilikuwa imeshajaa zamani, nikawa nafuta mafaili gizani huku majirani wananiuliza nimepata nini. FireCapture na SharpCap zote zinakuruhusu kuweka kikomo cha sekunde au cha fremu kwa kila rekodi. Kiweke. Na kwa mwezi uliopatwa, picha moja moja zinatosha, video ya nini?

Kipengele kimoja cha FireCapture kinachosifiwa sana ni kile cha kukusaidia kurekebisha kifaa kinachozuia hewa isichanue rangi za sayari, ukingo mmoja ukawa mwekundu na mwingine wa buluu. Kwa aliyeko London ni lazima, maana Zohali ya mwaka 2026 haimpandii zaidi ya nyuzi 41 hivi. Kwetu inapita karibu na utosi. Ikiwa hapo juu, mwanga wake unapita kwenye hewa nyembamba kuliko kokote, na rangi hazichanuki. Kifaa chenyewe usikinunue, na kipengele kisikushawishi.

Utosi una adhabu yake, lakini. Stendi za juu-chini na pembeni hushindwa kufuata kitu kilicho wima juu ya kichwa, kwa sababu mota ya pembeni inalazimika kuzunguka kwa kasi isiyowezekana. Piga Zohali saa moja kabla haijafika kileleni au saa moja baada ya kupita. FireCapture inaweza kuishikilia sayari katikati ya kipande cha picha hata ikiyumbayumba, na kwa mwenye darubini ya kusukuma kwa mkono huo ni msaada mkubwa. Kwa sayari nampa Edelmann ushindi, kwa kidole kimoja.

Mshtarii nao usiupige kwa muda mrefu. Unajizungusha kwa saa 10 kasoro dakika chache, kwa hiyo rekodi moja ikizidi dakika mbili tatu, mikanda yake inaanza kufutika.

Kurundika papo kwa papo: hapa SharpCap haina mpinzani kwangu

Anga la Mwanza halikupi usiku mzima. Linakupa tundu. Wingu linaondoka saa 2, linarudi saa 3 na robo, na alfajiri ngurumo zinajikusanya juu ya ziwa kama kawaida yake. Programu inayokutaka usubiri kesho ndipo uone matokeo haikufai sana katika hali hiyo.

SharpCap inarundika picha huku unatazama. Unaweka sekunde 8 kwa kila picha, inapanga nyota za picha mpya juu ya zile za zamani, na nebula inajichora mbele yako kidogo kidogo. Wingu likipita, kuna kichujio kinachozikataa picha zilizofifia, rundo lako lisichafuke. Ukiwa na wanafunzi, unganisha laptop na projekta, elekeza darubini kwenye nebula ya Eta Carinae kusini, kisha nyamaza. Katika dakika ya pili utasikia "aah!" bila kumfundisha mtu chochote.

Kipengele cha pili ninachokipenda humo ni kile kinachopima mwangaza wa anga lako na kelele ya kamera yako, kisha kinakwambia sekunde ngapi zinatosha. Sababu yake ni hii: kila picha inabeba kelele ya kamera yenyewe, lakini mwanga wa taa za mji ukishaizidi hiyo kelele, kurefusha muda wa picha moja hakukuongezei chochote cha maana, kinachosaidia ni kuongeza idadi ya picha. Katikati ya mji, Kirumba au Nyamagana, utaambiwa sekunde chache tu. Ukihamia Igombe au ukavuka kwenda Ukerewe, namba inapanda. Hiyo ni habari njema kwa mwenye stendi ya bei nafuu, maana picha fupi husamehe makosa ya mota.

Na hapa kuna zawadi ya ikweta ambayo sijaona ikielezwa vya kutosha. Stendi ya juu-chini na pembeni ina tatizo la picha kuzunguka taratibu kadiri anga linavyosogea. Lakini kwa sisi tulio karibu na ikweta, kitu kilicho mashariki barabara au magharibi barabara karibu hakizunguki kabisa. Nebula ya Orioni kwetu inachomoza na kupanda wima kama moshi wa tanuri siku isiyo na upepo, kwa hiyo ukiipiga ikiwa nusu ya njia upande wa mashariki, mzunguko ni nyuzi 2 hivi kwa saa. Eta Carinae ikiwa kusini kabisa inazunguka karibu nyuzi 18 kwa saa. Hata hivyo kwa picha ya sekunde 10 hiyo ni sehemu ndogo mno, nyota za pembeni zinabaki duara, na SharpCap inazinyoosha picha zote wakati wa kurundika. Kwa maneno mengine, usikubali kuambiwa huwezi kuanza bila stendi ya ikweta, ile inayozunguka kwa mhimili mmoja kuufuata mwendo wa anga.

ASIAIR nayo inarundika papo kwa papo, na N.I.N.A. imepata nyongeza ya kufanya hivyo. Zinafanya kazi. Ila kwa SharpCap ndiyo nyumbani kwake. Kwa hizo nyingine ni chumba cha wageni.

Kulenga ncha usiyoiona

Ukikua ukanunua stendi ya ikweta, hali inabadilika. Stendi hiyo inataka mhimili wake uelekee ncha ya anga. Njia iliyoipa SharpCap sifa ni kupiga picha ya eneo la ncha, ndani ya nyuzi 5 hivi, kisha kukuonyesha kwa mshale usogeze stendi kiasi gani. Ni nzuri na ya haraka. Kwa Mwanza unahitaji ufukwe au kilele cha jiwe chenye kusini wazi kabisa, na hata ukikipata, hewa ya chini imejaa ukungu na inapinda mwanga. Mimi nimejaribu juu ya mwamba mara mbili, nikaona nyota nne na mlingoti wa simu.

N.I.N.A., mradi wa bure ulioanzishwa na Stefan Berg, ina nyongeza ya kulenga ncha kwa nukta tatu. Inapiga picha popote angani palipo wazi, inazitambua nyota zilizomo, inazungusha stendi kidogo, inapiga ya pili, kisha ya tatu. Kutokana na mwendo wa hizo tatu inajua mhimili umepotoka kiasi gani, na inakuongoza kwa kupiga picha mfululizo huku unakaza na kulegeza skrubu. Ncha haihitajiki kuonekana. Kwangu hicho kipengele kimoja kinatosha kuichagua N.I.N.A. kwa mwenye stendi ya ikweta mahali hapa. ASIAIR nayo imeongezewa njia ya kutumia anga lote, na programu ya Ekos ya kwenye Linux inayo pia.

Kabla hujalipia stendi yenyewe, muulize muuzaji inashuka mpaka nyuzi ngapi. Stendi nyingi zimeundwa kwa nchi za mbali na ikweta; ukizilaza mpaka 2.5, fimbo ya uzani inagonga mguu wa stendi, au skrubu inafika mwisho njiani. Hilo halirekebishwi kwa programu.

Sifa nyingine kubwa ya N.I.N.A. ni kuendesha usiku mzima peke yake. Unaipangia: anza na hiki, kikishuka hamia kile, rekebisha fokasi joto likibadilika, acha alfajiri. Mpangilio wake ni wa kina kuliko wa programu yoyote kati ya hizi. Wenzetu wanalala huku inafanya kazi. Mimi silali. Mvua ya kutoka ziwani haipigi hodi, na darubini iliyoachwa uani saa 10 alfajiri inaweza kupata mwenye mapenzi nayo zaidi yako. Kwa hiyo kipengele hicho nakiheshimu, lakini hakinishawishi.

Kisanduku cha ASIAIR

ASIAIR si programu ya kupakua. Ni kompyuta ndogo ya kampuni ya ZWO unayoifunga kwenye darubini na kuiamuru kwa simu kupitia WiFi. Laptop inabaki ndani. Uzuri wake wa kwanza kwetu ni umeme: inakula volti 12, kwa hiyo betri ya sola ya kawaida inaiendesha pamoja na stendi, na umeme wa nyumbani ukikatika hujui. Uzuri wa pili ni wadudu wa ziwani. Yeyote aliyewahi kuwasha skrini ya laptop ufukweni usiku ambao makundi yale yametoka majini anajua ninachosema: wanajaa kwenye kibodi, wanaingia kinywani, na wanatua kwenye kioo. Ukiwa na ASIAIR unakaa ndani ya chandarua na simu yako.

Ubaya wake ni kifungo. Kwa kamera maalumu za anga inakubali za ZWO tu. Ukiwa na kamera ya kampuni nyingine, au ukipewa na rafiki siku moja, kisanduku hakikusaidii. Programu tatu za kwanza zinakubali kamera za kampuni nyingi. Kwa sayari pia siipendi. Inaweza, lakini ukishazoea FireCapture utajihisi umefungwa mkono.

Wavuvi, bando na umande

Usiku wa giza tunaoupenda sisi ndio usiku wa wavuvi wa dagaa. Mwezi ukiwa mkubwa, taa zao hazivuti samaki, wanapumzika. Mwezi ukitoweka, wanaingia ziwani na taa zao, na ukiwa Igombe ukatazama kaskazini utadhani kuna mji mpya umejengwa majini. Ule mng'ao unaacha picha ing'ae upande wa chini. SharpCap ina njia ya kuondoa mteremko huo wa mwanga wakati wa kurundika, kwenye N.I.N.A. utauondoa baadaye ukichakata, kwa mfano kwa Siril, ambayo ni ya bure. Au fanya kama mimi: geuzia darubini kusini na mashariki, waachie wavuvi kaskazini yao.

Kuhusu bando, pakua kila kitu ukiwa mjini. SharpCap na N.I.N.A. zote zinaweza kuitumia programu ya ASTAP kutambua nyota bila intaneti, mradi umeshaweka orodha yake ya nyota kwenye laptop. Sahau hilo, ufike kijijini kwenye mtandao wa kusuasua, usiku wako umekwisha kabla haujaanza. Umande nao hauna programu: funga mkanda wa joto kwenye darubini ya lenzi, au beba kikausha nywele.

Ningechagua nini

Ukiwa na laptop ya Windows na darubini yoyote inayofuata nyota, weka SharpCap leo, toleo la bure, na FireCapture pembeni yake kwa ajili ya sayari. Hazigombani kwenye kompyuta moja, ila usizifungue zote mbili kwa pamoja maana kamera hushikwa na moja tu. Ada ya SharpCap lipa baada ya miezi miwili mitatu, ukishajua kama unakihitaji kile kipimo cha mwangaza wa anga. Kadi ya mtandaoni ya kwenye simu inatosha kulipia.

Ukiwa na Mac au Linux, SharpCap na N.I.N.A. zisahau. Chukua FireCapture kwa sayari, na kwa nebula jaribu AstroDMx Capture au Ekos. Ekos ina nguvu nyingi, lakini inataka mtu asiyeogopa kusoma.

N.I.N.A. isubiri stendi ya ikweta inayoshuka kweli mpaka nyuzi zetu. Siku hiyo ikifika, usipoteze muda kutafuta kusini iliyo wazi. ASIAIR mwachie mwenye kamera ya ZWO tayari na asiye na laptop ya kuaminika, hasa kama anapigia ufukweni.

Na kama unayemtazamia ni Zohali, atakuwa mkabala na jua tarehe 4 Oktoba 2026, pete zake zikiwa zimeanza kufunguka tena baada ya mwaka 2025 kuonekana kama uzi. Oktoba mvua za vuli huwa zinanusa. Fanya mazoezi Julai na Agosti, anga likiwa kavu, kwa kuamka saa 9 usiku. Kwanza, lakini, angalia diski ina gigabaiti ngapi.